Debe la Udongo

Sakafu ya ukumbi wetu, hapa Moshi, ni saruji.
Upanga haulijui hilo.
Mwandishi ameketi kwake, amekunja nne,
ameandika: "Anauchomeka upanga ardhini. Kimya."
Kimya anachokitaka yeye
mimi ndiye ninayekitafutia udongo.

Kwa hiyo debe. Debe la mafuta ya kupikia,
nimelipaka rangi ya jiwe,
nimelishindilia udongo mwekundu wa Uru,
kwa sababu mchanga wa Mto Karanga haushiki kitu,
na mfalme wetu, Eliakunda, fundi cherehani mchana,
alishawahi kula kiapo kizima
huku upanga ukiinama taratibu nyuma yake
kama mzee anayesinzia kanisani.

Miaka tisa nachomeka panga za watu.
Wa anayekataa vita: husimama peke yake,
mwenyewe anaondoka, hageuki,
taa inabaki kwenye mpini mpaka mtu akohoe.
Wa kaburi: huvikwa kofia ya marehemu,
mjane haugusi.
Wa aliyejeruhiwa, fimbo yake ya mwisho,
anauegemea, anasema maneno mengi mno kwa mtu anayekufa.
Na ule usiong'oleka na yeyote
ila mtoto. Huo nauchukia.
Hunibidi nilegeze udongo mapema,
na mtoto wa mwaka jana, Ndesario,
aliuvuta kwa imani yake yote
akaanguka nao kitako.

Lakini mwongozaji wetu, Bi Aikande,
mwanamke asiyecheka kabla pazia halijafungwa,
aliponiuliza, "Wewe umewahi kuuona wa kweli?"
nilinyamaza, kisha nikasema ndiyo.

Kihambani kwetu, mwaka babu alipofariki.
Baba mdogo Manasei aling'oa masale ya mpakani usiku,
asubuhi tukakuta panga lake limesimama
hatua nne ndani ya migomba yetu.
Hakusema neno.
Majirani walipita wakilitazama kwa pembeni
kama wanaopita karibu na msiba usio wao.

Mama alikaa siku mbili.
Ya tatu, ng'ombe akalia njaa,
na panga letu lilikuwa limevunjika mpini.
Basi akaenda, akaling'oa lile,
akaangusha mgomba, akaukatakata,
akalifuta kwa jani,
akalirudisha kwenye tundu lilelile,
makali yakitazama kulekule.
Kesho yake tena. Na kesho yake.
Lilipokuwa butu alilinoa kwenye jiwe la kufulia,
akiimba pambio.

Ila Baba mdogo, kutoka ng'ambo ya mfereji,
aliona jambo jingine:
masika yananyesha, na chuma chake hakishiki kutu.
Kila alfajiri kinang'aa kuliko jana.
Akajiuliza usiku anakuja nani, na anamnolea nani.
Nasikia alihamisha kitanda mbali na dirisha.

Jumapili moja alikuja na jani la sale,
limepigwa fundo,
amelishika kwa mikono miwili.
Mama alilipokea. Vidole vyake vilikuwa na samadi.
Hakumweleza.
Mpaka leo hajamweleza.

Bi Aikande aliniangalia muda.
"Hiyo haichezeki," akasema. "Ng'ombe tutamtoa wapi?"
Akarudi kwenye ukurasa wake:
anauchomeka upanga, kimya.

Jana jioni, nikilimwagia debe maji lishike,
nimeona pembeni mwa tundu kijani kimetokeza,
chembamba, kimechongoka.
Huenda ni sale. Huenda ni majani tu.
Sikukigusa. Nimemwambia Eliakunda
achomeke kushoto kidogo.