Povu

Chupa ni ya saluni yangu, ndiyo maana inaniuma.
Ya kahawia, kizibo cheupe. Niliiacha juu ya kabati
baada ya kumpausha nywele mke wa mchungaji.
Mjomba Numbi akaiona, akaigonga kwa ukucha: ti, ti.
"Muko na dawa ndani ya nyumba, na muzee anakohoa!"

Katuba, Jumapili, saa saba, umeme umerudi.
Alikuja na kimashine kwapani,
kimeviringishwa kitenge kama kichanga:
cha kugeuza maji kuwa ukungu, na kifuniko cha pua
kilichowahi kukaa usoni mwa nani, hakusema.
Matone machache, alisema, na maji kikombe kimoja.
Vuta, achia, vuta. Siku tatu tu,
kifua kitakuwa kanisa lililofagiliwa.
Kuna mwanamke wa Kasumbalesa amepona.
Kuna dereva wa lori, wa Likasi.
Majina? Majina ya nini?
Mtu akipona unamuuliza karatasi?

Nikamwambia: mjomba, mimi ninaishi na kitu hiki.
Tazama ncha za vidole, siku glavu ilipotoboka:
nyeupe kama chaki, zikachomachoma hadi usiku.
Na hiyo ni ngozi. Ngozi imezaliwa kupigana.

"Kwenye kidonda je? Goti likichubuka, hawakumwagii hiki?"

Goti halipumui, nikasema.

Mama alikuwa kimya kando ya mbabula,
anakatakata mapafu ya mbuzi ya kupika na nyanya.
Akachagua kipande, akakitia kwenye kisahani,
akanisogezea kwa kisu.
"Mimina."

Nikamimina.
Kikachemka bila moto.
Povu likapanda, likavuka ukingo, likatambaa mezani,
na chini yake ile nyama ya waridi
ikageuka rangi ya uji.

"Munaona!" Mjomba alisimama kabisa. "Uchafu unatoka!"

Mbuzi wa jana, mjomba, aliyekula majani tu. Uchafu upi?
Povu halichagui.

Lakini yeye aliona ufagio, mimi niliona moto,
kisahani kilekile,
na hapo nikajua sitamshinda kwa kumwonyesha.

Baba alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha kamba,
uso umeelekea lile dohani refu la kiwandani.
Alivuta pumzi mara mbili kabla ya neno la kwanza,
kama mtu anayejiandaa kupanda mlima.

"Mwaka wangu wa kwanza tanurini," alisema,
"kapita alitwambia moshi ule unaua minyoo.
Kunyweni maziwa tu, alisema.
Tukakunywa maziwa.
Tulikuwa kumi na wanne."

Akakohoa. Tukangoja. Mama aliacha kukata.

"Shemeji, unanipenda, ninajua.
Lakini kitu cha kuvuta, usiniletee tena.
Hata kama ni harufu ya mbinguni."

Mjomba akakiviringisha kimashine chake polepole,
pembe moja ya kitenge, kisha nyingine.
Nilimsindikiza hadi kwenye lango la mabati.
Nilikuwa nimeshinda, nilidhani.
Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake:
"Na ile picha ya kifua, hospitali, ni faranga ngapi?"

Nikamtajia.

Akatazama viatu vyake.
Mwaka juzi alimzika Kalumba, mtoto wake wa pili,
na kitanda cha wodi bado anakilipia.

Kwa swali hilo sikuwa na kisahani.

Jumatatu alfajiri Baba amekwenda kupanga foleni,
kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki,
pesa za mke wa mchungaji ndani ya kadi.
Nami nimefungua saluni, nimefungua dirisha,
nimechanganya poda na maji ya chupa ile.
Mteja anacheka, anataka rangi ya asali.
Nimejikuta nimebana pumzi,
ninahesabu kama ninavyohesabu usiku nyuma ya ukuta:
kikohozi,
kimya,
kimya,

kikohozi.