Tarehe Kumi na Tatu

Majaji watatu waliketi Mwanza wiki ile.
Mvua ya Novemba inapiga bati,
wakili anarudia kila sentensi mara mbili.
Rufani ya madai: Nyanzobe Lusalago
dhidi ya Majura Bwire, majirani, wote wa Mabatini,
wanagombea jiwe.

Si jiwe la kurusha. Jiwe la Mwanza,
limekaa kilimani kama ng'ombe aliyekataa kuhama,
chini yake nyumba mbili, juu yake pimbi
na kanga za Nyanzobe zikikauka.
Majura alijenga choo upande wa ziwa.
Nyanzobe akasema mpaka unapita mgongoni mwa jiwe,
Majura akasema unapita kisogoni.
Baraza la ardhi likampa huyu, Mahakama Kuu ikampa yule,
miaka kumi na moja ikaenda hivyo.
Choo kikajaa, kikachimbwa kingine.

Tuzo ile niliipiga chapa mimi.
Hukumu ilisomwa tarehe kumi na nne.
Tatu na nne ni majirani kwenye kibodi,
kidole changu kikavuka mpaka.
Labda nilikuwa na njaa. Labda simu iliita.
Sikumbuki; hilo ndilo linaloniuma.

Waheshimiwa hawakupanda kilimani,
hawakuuliza jiwe ni la nani.
Walisoma hukumu, wakasoma tuzo, wakatazamana.
"Tuzo hii imezaliwa kabla ya mama yake.
Rufani inaondoshwa.
Kila upande ubebe gharama zake."
Dakika tisa, kwa saa ya ukutani.

Koridoni Nyanzobe alinishika mkono wa shati:
"Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?"
Mama, hujashinda. Wala hujashindwa.
"Sasa nimefanywa nini?"
Kiswahili changu cha mahakama kikaniishia mdomoni.

Majura alisimama pembeni na mwavuli uliovunjika ubavu,
naye hajui acheke au anyamaze.
Mvua ilipozidi walipanda bodaboda moja, mishikaki,
maana kwao ni njia moja.
Kila mmoja akalipa nauli yake.

Anaweza kurudi, wakili amemwambia:
aombe kuongezewa muda, aape,
aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa,
siku moja moja, bila kuruka.

Maombi yakija nitayapokea mimi, nitayagonga muhuri.
Yeye atahesabu siku zake zote.
Mimi natakiwa kueleza moja tu,
na sijamwambia.