Karani wa Mizani

Mchana alipima mkonge,
robota kwa robota, ghalani karibu na stesheni ya Tanga;
usiku, Barabara ya Kumi na Moja,
chumba cha uani kwa mama yangu,
alipima maneno ya Kipashto.

Tulimwita Mzee Guli. Jina lote, Taimur Gul,
lilibaki kwenye daftari la kodi.

"Mishororo miwili tu," aliniambia,
"wa kwanza mizani tisa, wa pili kumi na tatu.
Wanawake huitunga kisimani. Hawaweki jina."
Nikamcheka, mimi niliyelelewa na nane kwa nane,
shairi lenye miguu sawa kama meza.
Hili lako linachechemea, Mzee.
"Linachechemea," akasema, "limetoka mbali."

Aliyaandika nyuma ya stakabadhi za ghala:
mbele kilo, nyuma kilio.

Na kamusi. Kwao kuna herufi moja,
huku husomwa *sh*, kule *kh*,
watu wakanuniana kwa ajili yake.
Mama, ungo mkononi, akadakia:
"Kama khabari na habari. Tumbo moja hilo."
Akaiandika hiyo nayo, na chini yake
jina la mama, kamili, kwa wino.

Alifia Bombo, mwaka bei ya mkonge ilipoanguka.
Kamusi imekatika katikati ya neno.
Sanduku la bati ninalo mimi.

*Ghala limefungwa, karani;*
*nani atakayenipimia kilio?*

Nimehesabu kwa vidole, mara mbili.
Jina sikuweka.