Dakika Nne

Wamenipa dakika tatu za kusema,
nami nina miaka themanini na mbili.
Basi nimeandika. Atakaye atasoma.

Chuo hiki, waungwana, kilianza na madirisha.
Kabla ya vitabu, kabla ya kengele,
madirisha kumi na saba, yote yakitazama kaskazini,
kwa kuwa mwanga wa kaskazini haucheki wala haununi,
na fundi saa hataki jua limfanyie mzaha
akishika gurudumu dogo kuliko punje ya uwele.

Baba yangu alitunza majiko.
Alfajiri mbichi alikuwa ameshakoka moto,
maana watoto wa wafugaji walishuka kutoka milima ya Jura
na vidole vilivyokufa ganzi.
Mwaka wa kwanza ulikuwa wa tupa.
Mwaka mzima! Kipande cha shaba, mraba,
ukisugue hadi Bwana Chappatte akilaze juu ya kioo
asione uzi wa mwanga chini yake.
Akiuona, hukitupa ndooni bila neno.
Germain Boillat alitupiwa vipande arobaini na kimoja.
Cha arobaini na mbili kimo mfukoni mwangu leo:
alinichumbia nacho. Hakuwa na pete.

Mimi niliingia mwaka wa sitini na moja,
msichana wa kwanza, kwa mlango wa makaa.
Walisema vidole vyangu vitafaa
kwa kamani nyembamba kama unywele.
Kichwa changu kitafaa kwa nini, hawakusema.
Hesabu nilijifunza nikifagia:
sikufuta ubao kabla ya kuunakili.

Halafu zikaja saa za betri, bei ya mkate na jibini.
Viwanda vitatu vikafunga katika theluji moja.
Darasa langu likabaki na wanafunzi watano,
nao madiwani wakaja na kamba ya kupimia.
Walitaka soko.
Chappatte, mzee sasa, hakubishana nao.
Alifungua saa ya adui, akatoa kipande cha fuwele,
akakiweka kiganjani mwa meya.
“Huyu ndiye aliyetuua,” alisema.
“Nani humu anajua kumchonga?”
Kimya.
“Basi tuacheni tujifunze.”

Tulianza na mashine moja ya kukopa.
Ikaja stashahada, ikaja shahada,
likaja bango lenye jina refu
hata nikashuka baiskeli ili nilimalize.
Leo wanavaa meupe kama waokaji,
wanakata kioo kwa mwanga,
wanaunda vidude vya kuogelea ndani ya mshipa wa damu.
Lifti inaongea. Jengo jipya ni kioo pande zote nne;
jua huingia litakavyo,
nao wametumia fedha nyingi kununua mapazia.

Lakini saa ya ukutani.
Tangu sijazaliwa ilichelewa dakika nne,
na mji ulitucheka: chuo cha saa, saa yake mbovu!
Haikuwa mbovu.
Treni ya milimani ilileta watoto mlangoni
saa moja na dakika tatu,
na kanuni ilikuwa mlango kufungwa saa moja kamili.
Chappatte hakuweza kubadili kanuni.
Akabadili saa.

Mwezi uliopita wakaiunganisha na setilaiti.
Nilipanda ngazi kumtafuta aliyepewa kazi hiyo,
Besarta Hoti, mwanafunzi wa uzamili,
nimwombe. Nilikuwa nimepanga maneno.
Akageuza skrini kabla sijayasema.
Lugha ile siisomi, ila namba naijua:
mia mbili na arobaini. Sekunde.
“Nani amekuambia?”
“Hakuna,” alisema.
“Nyumbani ni kule juu. Nakuja na treni ile ile.”

Sasa mkuu wa chuo ameshika mkasi.
Anatazama mkono wake, anatazama ukuta, anakunja uso.
Utepe bado mzima.
Huko nyuma, kwenye lami,
nasikia mtu anakimbia.