Bisibisi ya Nyota, Mpini Mwekundu

Mkaguzi amevua miwani, kidole kimetua kwenye mstari:
"Mzee Chilewa, bisibisi hii ilitoka miaka sita iliyopita.
Safu ya KIMERUDI mbona nyeupe?"

Mimi ni mtunza stoo. Shule yetu iko Kibaigwa,
mgongoni mwa soko la mahindi,
na kwangu hata chaki iliyovunjika ina sahihi.

Naam. Aliichukua Nehemia Msanjila, kidato cha pili,
siku upepo ulipong'oa bati la bwalo.
Bisibisi, kipande cha waya,
na meza ya miguu mitatu niliyokwisha kuiandika mfu.
Za nini? Akasema, tunaunda roboti.
Nikaandika: "Matengenezo."
Leja haina safu ya mambo usiyoyaelewa.

Walikuwa wanne. Mota ya waipa waliipata kwa fundi wa malori,
wakailipa kwa kumfulia ovaroli Jumamosi tatu.
Matairi: kandambili zilizokatwa duara.
Mwili: debe la mafuta ya alizeti,
linanukia bado, hata sisimizi wakajiunga na timu.
Wakaliita Kobe.
Kule Dodoma mjini, mbele ya shule zenye fulana za rangi moja,
Kobe alizunguka kama kuku aliyechinjwa,
akatoa moshi, akatulia.
Wa kumi na tisa kati ya kumi na tisa.
Njiani hakuna aliyenena mpaka Mbande.
Hapo Sechelela akasema: "Hasi iligusa debe."
Maneno matatu.
Nadhani timu ilizaliwa hapo.

Msimu wa pili mvua zilikataa.
Uwele ulikaukia kwenye magoti, ada zikakawia,
Elieza akaenda Hombolo kuvuna zabibu za watu.
Jumapili alirudi na vidole vyeusi,
akaandika programu kwa kalamu, kwenye daftari la mistari,
maana kompyuta ilikuwa moja
na mwalimu wa taaluma alikuwa anachapa mitihani.
Wakawa wa kumi na nne. Habari ilinikuta nikihesabu mafagio.
Nikahesabu upya.

Msimu wa tatu waligombana. Hili halisimuliwi kwenye mahafali.
Sechelela alitaka mkono wa kunyakua,
Nehemia alitaka magurudumu,
wakanyimana salamu, bisibisi ikalala kwangu usiku sita.
Ndiyo, mkaguzi, hapo ilirudi. Nilisahau kuandika.
Siku ya saba akaja Mwajabu wa kidato cha kwanza,
kimo cha ufagio,
hajui kama kuna ugomvi.
Akafungua skrubu zote, moja moja, akazimwaga mezani.
Ikawabidi wazungumze:
kila mmoja alijua nusu tu ya mahali zinapokaa.

Huu ni wa sita.
Nehemia anafunga umeme wa jua Manyoni.
Sechelela yuko chuo kikuu, kule mlimani penye upepo.
Elieza hakumaliza. Yuko Hombolo bado,
ila pampu ya bustani yake hujizima yenyewe udongo ukishiba.
Kikombe hatuna. Mwaka jana tulikuwa wa tatu,
tukapewa saa ya ukutani inayochelewa dakika kumi.
Mwajabu aliifungua. Sasa haichelewi.

Mkaguzi anangoja.
Nje ya dirisha kuna watoto ishirini na mmoja,
wengine siwajui hata majina,
wamemzingira Kobe wa sita kama wazungukao sinia,
na ule mpini unapita mkono hadi mkono,
umechujuka, si mwekundu tena.

Namwonyesha kwa kidevu.
Anatazama kitambo, anavaa miwani.
"Thamani yake?"

Elfu mbili na mia tano, nasema.
Bei ya mwaka ule.