Gramu Hamsini na Moja

Baba alirudi Newala mwaka wa sabini na tisa
na kofia ya manyoya, iliyoliwa na mende kabla masika hayajaisha,
na shahada ya historia,
na sarafu moja ya shaba
pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa.
Upande huu, tai mwenye vichwa viwili.
Upande ule, herufi za mwanamke chini ya taji.
Kopeki tano, alisema. Katerina.
Urusi yote ilikuwa mkononi mwake.

Mama akaipima kiganjani.
"Nzito," akasema. "Itafaa."
Jiwe lake la hamsini lilikuwa limepotea.

Basi malkia akaingia sokoni,
akakalia sahani ya kushoto ya mizani,
akapima bizari, iliki, pilipili manga,
akapima hamira ya wakaanga maandazi.
Hata taji lilinuka binzari.

Usiku, ukungu umeshika madirisha,
baba alisimulia.
Hakuzaliwa Mrusi, wala Katerina.
Sofia, binti wa Kijerumani, miaka kumi na minne,
kapelekwa kuposwa kwenye theluji.
Aliamka usiku, peku kwenye sakafu baridi,
akikariri maneno ya ukweni
mpaka kichomi kikamlaza.

"Ndio mwendo," mama alisema.
"Mimi nilikuja hapa na Kiyao changu.
Mama yako alinicheka mwaka mzima."

Mumewe alitawala miezi sita.
Kulipokucha siku moja, mke akavaa magwanda ya askari,
akapanda farasi, akachukua nchi.
"Na mume?"
Baba akakohoa.
"Alikufa. Walitangaza ni tumbo."
Mama alicheka hadi koroboi ikazimika.

Miaka thelathini na minne!
Akiandikia wenye hekima wa Ufaransa,
akijenga shule za wasichana,
akitoa mkono wake kwanza kwa chanjo ya ndui
ili watu waone kwamba hafi.
Baba alipofika hapo alisimama, kama yuko darasani.

"Na wakulima?" mama aliuliza.

Baba akakaa.
Aliwagawa, alisema. Vijiji na watu wake,
mamia kwa huyu, maelfu kwa yule,
zawadi ya kumuaga mpenzi.
Walipoasi, akawaponda.
Na enzi hizohizo, hapo Kilwa,
sultani akatia sahihi na Mfaransa:
watu elfu moja kila mwaka.
"Watu wa wapi?"
"Wa bara, Asumini. Wa huku."

Mama hakucheka.
Aliinuka, akaisugua sarafu kwa ndimu na majivu
mpaka ikawa nyekundu kama jeraha,
akairudisha mizanini.
"Apime," akasema. "Apime mpaka alipe."

Mwaka wa themanini na saba alikuja mkaguzi wa vipimo,
Bwana Litunu, kaptula ya kaki, sanduku la mawe ya serikali.
Akapima mara mbili. Akavua miwani.
"Mama, hili linakuibia wewe.
Hamsini na moja. Gramu nzima, kila ukiuza."
"Najua. Tangu siku ya kwanza."
"Sasa kwa nini?"
Mama akafunga bizari ya mteja aliyekuwa akingoja,
akaikunja karatasi pembe mbili.
"Si yangu hiyo gramu," alisema. "Ni yake."
Litunu aliandika kitu daftarini. Sikujua nini.
Jiwe la serikali alituachia;
lilifanya kazi siku alizokuja tu.

Mama hayupo sasa. Baba yupo,
lakini husimulia mwanzo tu, sakafu na miguu peku,
kisha huniuliza mimi ni binti wa nani.
Genge ni langu. Nina mizani ya betri
inayoandika namba kwa mwanga mwekundu.
Jana, mvua imefukuza wateja,
nikamweka malkia juu yake.
Tai amebakiza kichwa kimoja.
Taji ni kivimbe tu, unakigusa, hukioni.
Ndimu, majivu, vidole vya mama:

arobaini na tisa.

Nikapima tena.
Kwa hiyo sasa angepunja.
Nikamvua madaraka,
nikamtia kwenye kopo la vifungo,
nikamuuzia Bi Nantipi hamira yake,
na kijiko juu.