Kumi na Moja kwa Nne

Jumapili, Tampere. Theluji imefika kizingitini mwa dirisha la jikoni.
Aune anapangusa makombo ya mkate mweusi,
anatandaza ramani mezani:
pembesita mia nane, nyuki wangehamia.

Kila kikadi kina namba mbili,
kushoto nguvu, kulia mwendo.
Kimoja kilipotea mwaka aliozikwa kaka yao Eino;
mahali pake pamewekwa kifungo cha shati lake.
Kifungo kinahesabiwa nne.

Sirkka ndiye mshambuliaji. Tano, na nne, na mbili:
kumi na moja kwa nne.
Anagawa kwa penseli pembeni mwa gazeti,
anapata mbili na robo tatu.
Lakini sheria haijui robo tatu.
Sheria hukata mkia:
mbili kwa moja, basi.
Na hao wa robo tatu, mia ngapi sijui,
waliovuka mto usiku maji yakiwafika kiunoni,
hawamo kwenye jedwali.

"Kumi na mbili ingekuwa tatu kwa moja,"
anasema Aune, kwa sauti ya karani wa benki.

Nukta moja! Sirkka anaipekua ramani
kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mfuko alioukung'uta mara tatu.
Kule nyuma wapo wahandisi, nguvu moja, mwendo mbili,
umbali wao pembesita tatu.

Tena kifungo kimekaa kilimani,
na kilima husogeza safu moja kushoto.
Mbili kwa moja inateremka,
inakuwa moja kwa moja,
kana kwamba hakuna aliyejikusanya,
kana kwamba hakuna aliyeloa.

"Mzungukie," Aune anamnong'oneza adui yake.
"Ukimziba njia ya kurudi, kushindwa kidogo tu kunammaliza."
Ndivyo Eino alivyowafundisha,
akiwashinda huku akiwaomba radhi.

Sirkka hamzungukii.
Anatazama matundu ya kifungo,
uzi wa buluu bado umenasa humo.
Anatupa dadu, inagonga kikombe, inalala.

Sita.
Mlinzi arudi nyuma hatua mbili.

Aune anakiinua kifungo kwa ncha za kucha,
moja, mbili,
anakitua kwenye kijani.

"Msitu nao una safu yake," anasema Sirkka,
akijaza kahawa vikombe vyote viwili.
"Haya. Zamu yako."